Karatasi za Mwalimu wa Hewa

Ukifika Marambo leo ukauliza nyumba ya Mwalimu wa Hewa, hata mtoto wa chekechea atakushika mkono akupeleke. Jina lake hasa ni Tadeo Nambunga, lakini jina hilo limebaki kwenye kadi ya bima na kwenye daftari la parokia tu. Alifundisha kemia miaka thelathini na moja katika shule moja ya sekondari kule Ruangwa, akastaafu, akarudi kwenye mikorosho ya marehemu baba yake, na huko shamba ndiko alikopata sifa ambayo chaki haikumpa. Redioni wamemtaja mara mbili. Watu wa chuo kikuu wamekuja na gari lao jeupe, wakapiga picha chupa zake za mvua kana kwamba ni watoto wa ubatizo. Watu wa Chunyu walimwita akawapimie hewa ya kijiji chao, wakamchinjia mbuzi. Sebuleni kwake kuna cheti chenye fremu ya rangi ya dhahabu. Kimening'inia upande, na mwenyewe hajakinyoosha tangu siku kilipoletwa.

Sifa yote hiyo ilianza na kifua cha mtu mmoja, na huyo mtu alikuwa mke wake.

Teodosia alikuwa mwanamke wa kimo kifupi, mwepesi wa kucheka, mzito wa kukasirika. Miaka yote waliyokaa nyumba za walimu Ruangwa hakuwahi kuugua kitu zaidi ya malaria. Alipikia mkaa barazani, akaimba kwaya sauti ya kwanza, akapanda ngazi za kanisa kama msichana. Walipohamia Marambo, mwaka wa kwanza haujaisha, akaanza kukohoa. Kwanza kikohozi cha asubuhi, cha kusafisha koo. Halafu cha jioni. Halafu kikaja kile cha kumwinamisha mtu mpaka ashike nguzo, kifua kikipiga filimbi, macho yamemtoka. Akaacha kwaya. Mwaka wa pili, akienda kisimani ilimbidi apumzike mara tatu njiani, na kisima chenyewe unakiona ukiwa mlangoni.

Mwalimu Tadeo alimpenda mkewe, na hilo lisemwe mapema ili lisije likasahaulika huko mbele. Siku moja alimkuta ameketi chini, mgongo ukutani, anatafuta pumzi. Akachuchumaa mbele yake, akamwambia, "Mke wangu, kitu kinachokukaba nitakijua. Nimefundisha kemia maisha yangu yote. Nikishindwa hiki, nilikuwa nafundisha nini?"

"Kijue haraka basi, Mwalimu," Teodosia akasema alipopata sauti. Alimwita Mwalimu hata chumbani.

Hesabu ya Tadeo ilikuwa rahisi, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Ruangwa hakukohoa, Marambo anakohoa. Ruangwa mjini hapakuwa na mikorosho dirishani, Marambo ipo. Na mikorosho ina salfa. Kuanzia Mei mpaka Agosti, umande ukiwa bado kwenye majani, wapulizaji hupita na mashine mgongoni wakirusha ule unga wa njano kuua ubwiri unga, ugonjwa unaochoma maua ya korosho. Unga hupanda juu kama wingu, hukaa, hushuka taratibu kwenye mapaa, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye ndoo za maji. Mpulizaji wa upande wao alikuwa Abdulkarimu, kijana mmoja wa Kiyao aliyewahi kukaa kwenye darasa la Tadeo mpaka kidato cha pili. Sasa ni mtu mzima mwenye watoto wanne, na mashine yake ndiyo iliyowalisha.

Basi Tadeo akaanza kupima. Alipaka vipande vya kioo mafuta ya kujipaka, akavitundika kwenye matawi vinase vumbi. Alitega chupa za mvua juu ya nguzo. Na alitengeneza karatasi zake, zile zilizokuja kumpa jina. Shule yake ya zamani ilipokuwa ikisafisha maabara, mkuu wa shule alimpa chupa za dawa zilizopitwa na muda, na miongoni mwake ilikuwamo chumvi moja ya rangi ya chungwa. Alikata karatasi vipande vya upana wa vidole viwili, akavilowesha kwenye chumvi hiyo pamoja na tone la asidi. Kipande kikikutana na hewa yenye moshi wa salfa, rangi yake ya chungwa hugeuka kijani. Jambo hilo alikuwa amelifundisha kwa vizazi, kwa mstari mmoja ubaoni.

Vioo vilinasa unga wa njano, bila shaka. Chupa za mvua ziliacha mstari wa njano chini. Lakini karatasi alizozitundika shambani zilikuwa zinabaki vilevile, rangi ya chungwa, mwezi baada ya mwezi. Tadeo alilielezea hilo bila kusumbuka: hewa ya nje ni pana mno, moshi wake hutawanyika kabla haujaigusa karatasi.

Kitu kingine kilichotakiwa kumsumbua ni kwamba Teodosia alizidiwa zaidi wakati wa mvua, Januari na Februari, wakati mashine zote zimeshatundikwa ukutani na hakuna anayepuliza chochote. Mtu mwingine angekwama hapo. Tadeo hakukwama, alikuwa na akili nyingi mno asiweze kukwama. Akasema vumbi la salfa hupanda angani wakati wa kiangazi, hukaa huko juu miezi, kisha mvua hulirudisha chini, na likirudi limeshageuka kitu kikali zaidi. Aliliita "salfa inayorudi". Maelezo yalikuwa mazuri kweli, yenye mwanzo na mwisho, na ndiyo yaliyompeleka redioni. Watu wa Marambo waliotazama mawingu maisha yao yote wakitafuta mvua tu, sasa walikuwa wakiyatazama kwa wasiwasi.

Karatasi zilikuwa na tatizo moja. Zinapoanikwa hazitaki jua wala mvua, kwa hiyo mwanzoni Tadeo alizianika jikoni, kwenye kamba aliyoifunga juu, mbali na vyungu. Jiko lao lilikuwa kibanda cha udongo chenye paa la nyasi, hatua kumi kutoka nyumbani. Na kila alipozianika huko, asubuhi yake alizikuta zimegeuka kijani zote, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho. Alikasirika. Moshi wa kuni una uchafu mwingi, alijiambia, una masizi, una kila takataka, hauwezi kuaminika. Akachukua daftari lake la jalada gumu akaandika: Zimeharibika jikoni. Zitupwe.

Akazitupa. Akatengeneza nyingine. Zikaharibika tena, akaandika tena.

Siku moja Teodosia, akiwa anapepeta mchele, akamtazama anavyozichana zile za kijani, akamwuliza, "Mwalimu, kwani kazi ya hizo karatasi si kugeuka rangi?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona zikigeuka unazitupa?"

Tadeo alicheka mpaka akavua miwani akafuta machozi. Akamweleza mkewe kwa upole, kama anavyoelezwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza, kwamba jiko si maabara. Teodosia naye akacheka, akakohoa, akaendelea na mchele wake. Kuanzia hapo Tadeo alipenda kuwasimulia wageni habari hiyo. Watu wa chuo kikuu waliicheka sana.

Zile karatasi alizihamishia barazani. Lakini upepo ukivuma kutoka upande wa jikoni, zilipata kijani pembeni. Kwa hiyo akamwomba mkewe kitu kidogo tu. "Ukiwasha moto, funga mlango. Moshi usinifikie huku."

Teodosia akafunga mlango. Mwanamke huyu alikuwa anaamini kwa moyo wote kwamba mumewe anatafuta dawa ya kifua chake, na hakutaka kumharibia kazi. Dirisha dogo la jiko nalo akaliziba kwa kiroba.

Sasa niseme kuhusu moto wenyewe, maana Tadeo hakuwa akiuona. Wanaume wa kwao hawakai jikoni; yeye mwenyewe aliingia kutundika karatasi tu, moto ukiwa umezimwa. Mwanamume akikutwa huko anaulizwa kama ana njaa au ana wazimu. Alikuwa akila chakula cha jiko lile kila siku bila kujua moto wake huwashwaje, na angeulizwa angejibu, "Kwa kiberiti." Ajabu ni kwamba aliyemfundisha Teodosia kuuwasha ni yeye.

Zamani, mwaka wao wa kwanza wa ndoa, alirudi kutoka maabara ya shule na kipande cha salfa kwenye karatasi. Akamwambia bibi harusi azime taa, akakiwasha. Kikaungua kwa mwali wa buluu, mdogo, mtulivu, usiofanana na moto wowote ambao binti huyo wa Naipingo alikuwa ameuona. Teodosia alipiga kigelegele peke yake chumbani. Kisha wakafungua dirisha wote wawili wakikohoa na kucheka. Miaka ikapita, wakahamia Marambo, masika ya kwanza yakawakuta na kuni zilizolowa. Stoo kulikuwa na viroba vya salfa vilivyoingiwa maji, unga umeshikana mabonge, haufai tena kupulizwa. Tadeo akachukua bonge moja akampa. "Unakumbuka?" Teodosia alikumbuka. Bonge lilishika moto mara moja na kuni mbichi zikakubali. Basi ikawa ndivyo. Na si wao peke yao, kila nyumba yenye mikorosho ilikuwa na kiroba cha mabonge karibu na mafiga, na hakuna aliyetaka kukitupa kitu kinachowaka vizuri hivyo. Tadeo alimpa bonge lile asubuhi moja ya mvua, akatoka zake, akalisahau.

Februari ya mwaka wa tatu Teodosia alizidiwa vibaya. Midomo ilibadilika rangi. Walimkimbiza hospitali Nachingwea akiwa ameketishwa katikati ya watu wawili kwenye pikipiki, na huko akalazwa wiki tatu. Wiki ya kwanza alipumua kwa mashine. Wiki ya pili akaomba ugali. Ya tatu, Tadeo alipokwenda kumwona, alimkuta anawaimbia wagonjwa wenzake, sauti ya kwanza, bila kukatika. Alisimama mlangoni akalia, halafu akajifanya ameingiwa na mdudu jichoni.

Daktari alimwuliza, "Nyumbani anapikia nini?"

"Kuni, Daktari. Lakini shida si kuni. Shida ni salfa inayorudi na mvua." Akamweleza kwa nusu saa. Daktari alikuwa amewahi kumsikia redioni. Akaandika.

Wiki hizo tatu aliyempikia Tadeo alikuwa Minza, mke wa Shilinde, mfugaji wa Kisukuma. Walikuwa wamefika na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa miaka michache nyuma, wakajenga ng'ambo ya kijito, na watu wengi wa Marambo bado walikuwa wakiwapita bila salamu. Teodosia hakuwapita. Ndiye aliyempa Minza mbegu za mboga mwaka wa kwanza, na Minza hakusahau. Alikuja kila siku na maziwa, na moto wake aliuwasha kwa mavi makavu ya ng'ombe aliyokuja nayo kwenye kikapu.

"Mwalimu," alimwambia siku ya pili, akimtengea uji, "hiyo jiwe ya njano ya mama nimewasha mara moja tu. Imenikaba mpaka machozi. Nimeitoa nje."

"Mwenyewe ameizoea," Tadeo akajibu, akafungua daftari lake.

Ndivyo alivyojibu. Kila neno analikumbuka.

Katika wiki hizo mvua ilikuwa inapiga barazani, kwa hiyo alianika karatasi jikoni, mara nne. Zote zilibaki rangi ya chungwa, safi kama zilivyotoka kwenye dawa. Alifurahi sana. Akaandika kwamba asidi mpya ni bora kuliko ile ya zamani.

Teodosia akarudi nyumbani amenenepa. Minza akarudi ng'ambo ya kijito. Kabla wiki haijaisha, filimbi ikaanza tena kifuani.

Tadeo hakuwa na shaka tena. Mjini amepona, amerudi Marambo anakabwa: ushahidi gani mwingine unatakiwa? Machi hiyo aliitwa kwenye mkutano mkubwa wa wakulima, Ruangwa, aeleze mambo yake mbele ya viongozi na wanunuzi na wataalamu. Aliandaa vioo, chupa, michoro. Alitaka jambo moja lipitishwe: mashine za salfa zisipite tena karibu na nyumba za watu. Marambo walikuwa wameshaanza, kwa neno lake tu. Msimu uliopita hakuna aliyemwita Abdulkarimu kupuliza. Walimwita mtia sumu. Mikorosho iliyo karibu na nyumba ikaungua maua kwa ubwiri unga, na Abdulkarimu akaanza kuuza mihogo ya kuchemsha njiani. Tadeo alimpita siku moja pale, akatazama upande mwingine.

Asubuhi ya safari Teodosia alimpigia pasi koti. Ilikuwa inanyesha. Alikuwa anapumua kwa vipande vipande, na Tadeo akasita mlangoni.

"Nenda," Teodosia akamwambia. "Umehangaika mno na mambo haya, huwezi kuacha kwenda. Nitakupikia kuku, ukirudi ule ukiniambia walivyopiga makofi."

Walipiga makofi kweli. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Tadeo alizungumza vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yake, na alipoona watu wameanza kuchoka na michoro, akawasimulia lile swali la mke wake kuhusu karatasi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mkubwa mmoja aliyekaa mbele alipiga meza kwa kiganja. Azimio likapita. Wakasema cheti kitafuata. Simu ya Tadeo ilikuwa mfukoni, ameizima sauti kwa heshima ya mkutano, na alipoitoa nje, kwenye ngazi, watu wakiwa bado wanampa mikono, alikuta Shilinde amempigia mara saba.

Minza ndiye aliyemkuta. Alikuwa ameleta maziwa, akaona mlango wa jiko umefungwa na moshi unatokea kwenye nyasi za paa. Akausukuma. Teodosia alikuwa chini kando ya mafiga, mkono mmoja umeelekea mlangoni. Kuku alikuwa ameshanyonyolewa. Minza alimbeba mgongoni, yeye na ujauzito wake, mpaka barabarani, lakini alikuwa anabeba maiti na njia nzima alijua.

Barazani, kwenye kamba, karatasi kumi na mbili zilikuwa safi, rangi ya chungwa. Mlango ulifungwa vizuri.

Mazishi yalijaa. Watu walisema hewa ya Marambo imemwua, na waliposema hivyo walikuwa wakimtazama Abdulkarimu, aliyekuwa amesimama mbali, kofia mkononi. Vijana wawili walimwendea wakamwambia aondoke. Aligeuza uso kumtafuta Mwalimu wake. Tadeo alimwona. Neno moja tu, "Mwacheni", lingetosha, na hakulisema. Abdulkarimu akavaa kofia yake akaenda.

Cheti kilikuja siku ya nne, na fremu yake.

Bertila, dada wa marehemu, alibaki pale nyumbani mpaka arobaini ipite, kama desturi. Na Tadeo akaanza kushinda jikoni. Watu walidhani akili imemtoka. Ukweli ni kwamba kigoda cha Teodosia kilikuwa huko, na kwenye kigoda kile alihisi hayuko peke yake kabisa. Alikuwa amebeba hata karatasi zake, akazifunga kwenye kamba ya zamani, apate kazi ya mikono.

Asubuhi moja ya mvua, Bertila akaingia na kuni zinazochuruzika. Akainama kwenye pembe, akatoa bonge la njano kwenye kiroba, akaliweka chini ya kuni, akapiga kiberiti.

Mwali ukawaka wa buluu.

Tadeo alikuwa na umri wa miaka sitini na tatu, na alikuwa hajauona mwali huo tangu usiku ule alipomwambia bibi harusi azime taa. Moshi mkali ukamkohoza. Bertila alikuwa amegeuza uso pembeni, amejiziba kwa kanga, anasubiri ile harufu kali ipite, na alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anayefanya hivyo kila siku. Tadeo akainua macho. Karatasi iliyokuwa karibu zaidi na mafiga ilianza kubadilika kwenye ncha. Kijani kikapanda taratibu kikala chungwa yote. Halafu ya pili. Halafu ya tatu.

Hakupiga kelele. Alitoka kwenye mvua bila kofia, akaingia ndani, akafungua daftari. Zimeharibika jikoni. Zitupwe. Alikuta mstari huo mara arobaini na mbili, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, kila mmoja na tarehe yake. Akatafuta zile wiki tatu za hospitali. Safi. Safi. Safi. Safi. Asidi mpya ni bora. Alisoma mpaka herufi zikawa hazisomeki, na hapo ndipo Bertila alipomsikia, akaja mbio akidhani ameanguka.

Siku tatu kabla ya arobaini alikwenda kwa Abdulkarimu. Alimkuta anamenya mihogo.

"Shikamoo, Mwalimu," Abdulkarimu akasema bila kuinuka.

"Marahaba. Nimekuja kukuomba uje arobaini."

"Nije nifukuzwe mara ya pili?"

"Njoo ukae mbele. Kuna neno nataka ulisikie pamoja na watu wote."

Abdulkarimu alimaliza kumenya muhogo aliokuwa ameushika. Mwisho akasema atafikiri.

Alikuja. Misa ilipokwisha na watu wameketi uani wakisubiri chakula, Tadeo alisimama. Alikuwa ameleta kigoda cha Teodosia, na juu yake ameweka sahani ya bati yenye bonge la njano. Akaliwasha. Akashika karatasi juu ya mwali wa buluu, na karatasi ikageuka kijani mbele ya macho ya kila mtu.

Watu wakapiga makofi. Walishazoea kumpigia.

"Acheni," akasema. "Nawaomba mwache."

Makofi yakafifia. Ndipo akawaambia. Aliwaambia kuhusu bonge, na nani alilileta nyumbani. Aliwaambia kwamba unga ukipulizwa ni vumbi, si kitu kizuri kuvuta, lakini ukiuchoma ni kitu kingine kabisa, na mwenye kifua kibovu akifungiwa nacho ndani humwua. Aliwaambia kuhusu mlango na nani aliomba ufungwe. Alimgeukia Abdulkarimu akamtaja kwa jina, akasema kwamba mtu huyu hakumtia sumu yeyote, na kwamba yeye Tadeo alikaa kimya makaburini huku akimwona. Kuhusu salfa inayorudi na mvua, akasema, hakuijua. Aliitunga, kisha akaiamini.

"Mwaka mzima, Mwalimu," Abdulkarimu akasema.

Upande wa wanawake, wengi walikuwa wakitazama sahani ile ya bati. Hakuna mwenye mikorosho ambaye hakuwa na kiroba kama hicho nyumbani, na mmoja wao, aliyekuwa amembeba mtoto anayekohoa mgongoni, alimsogeza mbele akamkumbatia kifuani. Minza alikuwa amekaa mwisho, karibu na njia. Alikuwa analia bila kujifuta.

Bertila ndiye aliyesimama. Alikuwa amefanana na dada yake, kimo kilekile.

"Shemeji," akauliza, "Teodosia alijua?"

Tadeo alitaka kusema hapana. Ingekuwa rahisi, na nani angembishia?

"Aliniuliza," akasema. "Aliniuliza kama kazi ya karatasi si kugeuka rangi, na mbona zikigeuka nazitupa."

Watu wa Marambo walikuwa wanayajua maneno hayo kwa moyo. Walikuwa wameyasikia kutoka kwake mwenyewe, mara nyingi, na kila mara walikuwa wameyacheka. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Mwali kwenye sahani ulikuwa bado unaungua, na Bertila akaja, akaumwagia maji.